VIKWAZO VYA UCHUMI: MZIGO HUBEBWA NA NANI?

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeitia katika insha zetu tangu shule ya msingi mpaka walimu wameichoka, nao hawakosi haki. Lakini leo naomba ruhusa niitumie mara moja tu, kwa sababu nyasi ninazotaka kuzizungumzia si za mfano. Zina majina tunayoyajua sote: chumvi, mafuta taa, nauli, mbolea na sabuni.

Chanzo cha makala haya ni aibu niliyoipata mwenyewe. Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mdahalo wenye hoja kwamba vikwazo vya uchumi ni silaha bora kuliko vita. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilisimama, nikarekebisha sauti, nikasema kwamba vikwazo havimwagi damu, havibomoi nyumba, na kwamba mtawala mkaidi akikosa pesa atalegea tu. Wenzangu wakapiga makofi. Kisha msichana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono akaniuliza swali fupi, "Ndugu msemaji, hayo mafuta yakikatwa, anayeanza kutembea kwa miguu ni rais ama ni mama yangu?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikatafuta jibu, sikulipata, nikaketi. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Mzizi ni -kwaa. Mtu akigonga kisiki kwa kidole cha mguu tunasema amejikwaa. Ukimfanya ajikwae umemkwaza, na kile ulichomwekea njiani ndicho kikwazo. Basi vikwazo vya uchumi ni pale nchi moja au kadhaa zinapokubaliana kutoiuzia nchi nyingine bidhaa, kutonunua zake, na pengine kuifungia bandari, ndege na benki, ili serikali yake ibadili mwenendo. Ona jambo lililomo katika neno hilo. Jiwe limewekewa mtu mmoja, lakini njia ni ya watu wote. Hata usiku, na hasa usiku, watu hupita.

Sisi wa Kiboko mambo ya njia hatuhitaji kuelezwa sana. Tunalala na kuamka na malori. Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi imepita katikati yetu, kati ya Emali na Makindu, na mzigo unaopita hapa hauishii Nairobi. Ukisimama kando ya lami utaona namba za Uganda, za Rwanda, na za nchi nyingine za bara. Hata bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, limepita chini ya ardhi ya kaunti yetu. Mwaka 1994 bomba hilo lilifikishwa Eldoret na Kisumu, na kutoka huko malori ya matangi huchukua mafuta kuyapeleka nchi zisizo na bahari. Kwa hivyo njia hii ikifungwa huko mbele, sisi tulioko huku nyuma husikia.

Na iliwahi kufungwa. Nchi iliyofungiwa ni Burundi, na waliofunga ni majirani zake, sisi Wakenya tukiwemo.

Kwa kifupi mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Juni 1993 Warundi walipiga kura wakamchagua Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa rais wa nchi hiyo. Tarehe 21 Oktoba mwaka uo huo aliuawa na wanajeshi walioasi. Mauaji yakaenea, Wahutu na Watutsi wakauana, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya, ambaye aliwahi kutawala kabla ya uchaguzi ule, akarudi madarakani kwa nguvu za jeshi. Bunge likasimamishwa na vyama vya siasa vikapigwa marufuku. Tarehe 31 Julai, siku sita tu baadaye, viongozi wa eneo hili wakakutana Arusha. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia na Zaire zikakubaliana kumwekea Buyoya vikwazo mpaka arudishe bunge, aruhusu vyama, na akae mezani na wapinzani wake wote, hata wale wenye bunduki. Msuluhishi alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Baadaye Zambia nayo ikaingia.

Ni muhimu kuelewa kwa nini Burundi ni rahisi kubanwa. Ni nchi ndogo isiyo na bahari wala kisima cha mafuta. Tuseme ina milango mitatu mikubwa. Wa kwanza ni wa Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, kisha reli mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wa pili ni ziwa hilo hilo kwenda kusini mpaka Mpulungu, Zambia. Wa tatu ni huu wetu: Mombasa, Nairobi, Kampala, Kigali, halafu Bujumbura. Funga milango hiyo mitatu, na hakuna tone la petroli litakaloingia kihalali.

Mjomba wangu wakati huo alikuwa utingo, au taniboi kama tunavyosema hapa, katika lori lililokuwa likienda Kigali na Bujumbura. Nilipomwendea na daftari langu alicheka. "Mjomba, wewe ulijua ni kwa nini mlirudishwa?" nikamuuliza. Akasema, "Mpwa wangu, utingo haelezwi kitu. Tulifika mpakani tukaambiwa mzigo wa Burundi haupiti. Tulilala chini ya gari siku nne. Dereva akapiga simu kwa tajiri, tajiri akasema rudini. Basi tukarudi." Baada ya hapo alikaa nyumbani miezi mitano bila kazi, akimsaidia nyanya kuchota maji ya kibanda chake cha chai na muthokoi pale kituo cha malori. Kusema ukweli, malori ya Bujumbura hayakuwa mengi kama ya Kampala, kwa hivyo Kiboko haikulala njaa. Nyanya alipoteza wateja wachache na mjomba akapoteza mshahara. Lakini hata huo uchache unatuonyesha kitu. Mjomba hakuwa amempindua mtu yeyote.

Sasa twende Bujumbura kwenyewe, kwa sababu huko ndiko mzigo ulikoangukia.

Mafuta yakikatwa, kinachopanda bei kwanza ni petroli na dizeli. Watu wengi hudhani hayo ni matatizo ya wenye magari. La hasha! Kabichi na viazi vinavyoliwa mjini hulimwa milimani huko Kayanza na kwingineko, na havishuki mjini kwa miguu. Mashine ya kusaga nafaka hutumia dizeli. Taa ya kibatari hutumia mafuta taa, nayo hutoka katika tangi lile lile lililozuiliwa. Chumvi je? Tangu zama za misafara watu wa pande zote za Ziwa Tanganyika walipata chumvi ya Uvinza, karibu na Kigoma. Ziwa likifungwa, mtu anaweza kuwa na maharage yake mwenyewe shambani na kuni zake mwenyewe, na bado akala chakula kisicho na ladha.

Nitoe mfano wa kubuni ili tuelewane, hizi si takwimu. Chukua gari la kubebea mboga ambalo kila safari linatumia dizeli ya shilingi elfu moja. Dizeli ikawa elfu tatu. Mwenye gari hatatoa hizo elfu mbili za ziada mfukoni mwake, atazigawanya juu ya kila gunia. Mwenye gunia atazigawanya juu ya kila fungu. Mwenye kununua fungu moja hana wa kumgawia. Yeye ndiye mwisho wa foleni, na bei yote inamkalia kichwani.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona katika kitabu chochote, ila naliona kila jioni dukani hapa kwetu. Tajiri hununua kwa jumla. Akisikia redioni kwamba kuna matatizo yanakuja, anajaza debe, gunia na tangi kabla bei haijapanda. Maskini hununua kwa kupima: mafuta taa ya chupa ndogo, chumvi ya kijiko, sabuni ya kipande. Hana pesa za kuweka akiba ya mwezi, hata akijua mwezi ujao utakuwa mbaya. Kwa hiyo bei ikipanda Jumatatu, yeye anailipa Jumatatu jioni. Tajiri ataanza kuilipa baada ya miezi mitatu, na labda katika hiyo miezi mitatu atakuwa ameuza sehemu ya akiba yake kwa bei mpya na kupata faida.

Fauka ya hayo, kikwazo kilifunga njia ya kutoka pia. Burundi wakati ule ilipata sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni kwa kuuza kahawa, na kahawa hiyo haitoki katika mashamba makubwa ya matajiri. Hupandwa na familia za wakulima wadogo, kila mmoja na miti yake michache nyuma ya nyumba. Kahawa isipopata meli, mkulima yule hawezi kuila. Sisi tunaolima mahindi na ndengu, mvua ikitukataa tunajua tumeonewa na mbingu. Mkulima wa kahawa wa Ngozi mvua ilimnyeshea, miti ikazaa, na pesa bado zikakawia.

Watetezi wa vikwazo watanijibu kwamba dawa na misaada ya kibinadamu viliruhusiwa. Ni kweli. Lakini dawa ikishushwa uwanja wa ndege inafikaje zahanati ya mkoani bila petroli? Chanjo zinahitaji baridi, na wakati ule friji ya zahanati isiyo na stima iliendeshwa kwa mafuta taa. Ukiruhusu dawa ukazuia mafuta, umefungua dirisha na kuufunga mlango. Viongozi wenyewe waliona shida hii. Mwezi wa Aprili 1997 walikutana tena Arusha wakalegeza kamba: chakula, vifaa vya shule, vifaa vya ujenzi, na vitu vyote vya kilimo vikaruhusiwa kupita. Nilipoisoma orodha hiyo nilifurahi, kisha furaha ikanitoka. Kama madaftari na mbolea viliruhusiwa mwezi wa Aprili, basi kuanzia Agosti mpaka Aprili vilikuwa vimezuiliwa au kubanwa. Hiyo ni misimu miwili ya kupanda. Na mtoto wa darasa la kwanza wa mwaka ule aliandika juu ya nini?

Hapa lazima niwe mwangalifu nisije nikashtakiwa kwa kusema uongo. Burundi ilikuwa na vita. Mashamba yalichomwa, watu walikimbia makwao, wengine walikusanywa na jeshi katika makambi. Si kila njaa ya miaka ile ililetwa na vikwazo, na serikali ya Buyoya ilipenda sana kuvisingizia. Mwizi aliyevunjiwa nyumba naye hulia kama mwenye haki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha jibu siku ya mdahalo. Tufananishe nchi na nyumba yenye watoto wengi, sufuria moja ya uji, na baba mkali anayeshika kata. Majirani wamemchukia baba yule kwa ukali wake. Wanakubaliana kwamba kuanzia leo hatutawauzia unga. Uji unapungua. Je, nani atakosa? Kata bado iko mkononi mwa baba. Atajijazia kwanza, atawapa wanaomlinda, na kilichobaki chini ya sufuria ndicho cha watoto. Vikwazo hupunguza uji tu. Kata havimnyang'anyi. Mafuta machache yaliyoingia Burundi yalipimwa kwa mgao, na anayegawa akiwa ni jeshi, basi gari la jeshi halikosi mafuta.

Isitoshe, uhaba huzaa biashara yake. Mipaka ya eneo hili ni mirefu na milima ni mingi. Mafuta na bidhaa vilipenya kutoka Rwanda na kutoka upande wa Zaire, hasa baada ya vita kuzuka huko mwishoni mwa mwaka 1996, na wafanyabiashara waliokuwa karibu na wakubwa wakatajirika. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na maneno ya kazi hiyo. Uganda ya Idi Amin, iliyokuwa na shida ya kila bidhaa, ndiyo iliyoeneza neno "magendo" mpaka likawa kama jina la uchumi mzima, na wale waliotajirika baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 waliitwa "mafuta mingi". Mwalimu wetu angesahihisha, "mafuta mengi", lakini watu wa Kampala hawakungoja ngeli. Julai 1976, uhusiano wa Kenya na Uganda ulipoharibika baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa Entebbe, Kenya ilidai ilipwe kwa pesa zake na mafuta ya kwenda Uganda yakabanwa. Magari yakasimama Kampala. Amin alilegea, wakapatana mwezi wa Agosti. Lakini alikaa madarakani mpaka Aprili 1979, na kilichomwondoa kilikuwa majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni.

Msomaji atasema, basi wewe umehama upande. Sivyo kabisa. Kuna jambo linalonizuia kuhama, nalo linamhusu Mwalimu Nyerere yule yule. Tarehe 26 Juni 1959, kabla Tanganyika haijapata uhuru, alisimama katika mkutano mjini London ulioanzisha kampeni ya kuwataka watu wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Wakati ule kulikuwa na watu waliosema kwamba Waafrika wa huko ndio watakaoumia kwanza. Walioumia wenyewe walijibu. Chifu Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ANC, ndiye aliyeuomba ulimwengu ususie bidhaa zile, akijua kwamba watu wake watalipia. Aidha, Zambia ilipata shida isiyo kifani baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia mwaka 1965, maana mafuta yake yalikuwa yakipitia huko. Yakabidi yaletwe kwa malori kutoka Dar es Salaam kwa njia mbovu ya vumbi na matope mpaka bomba la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968. Zambia ilikubali kuubeba mzigo ule.

Naona hapo ndipo penye tofauti, ingawa si tofauti safi kama ningependa iwe. Anayefunga mkanda mwenyewe kwa ajili ya haki yake si sawa na anayefungwa mkanda na jirani. Ila Burundi nako kulikuwa na wanasiasa, wengi wao wakiwa nje ya nchi, waliounga mkono vikwazo kwa niaba ya wananchi. Ni nani aliyemwuliza mama anayenunua mafuta taa ya chupa ndogo? Bunge lake lilikuwa limefungwa. Hilo ndilo lililokuwa shauri lenyewe!

Na je, vilifaulu? Septemba 1996, wiki chache baada ya milango kufungwa, Buyoya alitangaza kurudishwa kwa bunge na kuruhusiwa kwa vyama. Sidhani angefanya haraka hivyo kama asingebanwa, na hii ndiyo nguvu ya upande wangu. Lakini lililobaki, la kukaa na wapinzani wote, lilichukua muda: mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa Juni 1998, karibu miaka miwili baadaye. Kwa maoni yangu vikwazo vilifanya kazi yake kubwa katika wiki zile za kwanza, wakati wakubwa walikuwa hawajapata njia za panya. Walipozipata, waliobaki wakibanwa ni wasio na njia. Lakini kamba iliendelea kukazwa mpaka tarehe 23 Januari 1999, ndipo viongozi wakasimamisha vikwazo. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Wakati huo Mwalimu alikuwa amekwisha kufariki, na msuluhishi alikuwa Nelson Mandela. Mkataba ulipatikana milango ikiwa wazi, na hata baada ya mkataba vita havikuisha mara moja.

Mjomba alirudi barabarani mwaka huo wa 1999, safari hii akiwa na dereva mwingine. Nilimwuliza walikuta nini Bujumbura. Nilitarajia kusikia habari za shangwe, nikawa nimeshika kalamu tayari. Alifikiri kidogo akasema walishusha mzigo ghalani, kisha akaenda sokoni kutafuta chakula. Karibu na kibanda alimokula kulikuwa na mama aliyeuza chumvi. Magunia yalikuwa yameanza kuingia, mengine yeye mwenyewe aliyabeba kwa mgongo wake. Lakini mama yule alikuwa bado anaiuza kwa kijiko, na kila akimaliza kupima anapitisha kidole juu ya kijiko kusawazisha, ili chembe zilizozidi zirudi ndani ya bakuli.

"Ukamwuliza kwa nini?" nikasema.

"Nimwulize kwa lugha gani?" mjomba akajibu. "Nilinunua kijiko kimoja, nikalipa."